Mafia Walisoma Wapi?

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania. Ulipokuwa unakaribia kuisha, Rais Julius Nyerere alizitaja wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ndani ya mwaka mmoja tu, yaani kabla ya 1971 kumalizika. Mbili kati ya hizo ni visiwa: Ukerewe ndani ya Ziwa Viktoria, na Mafia katika Bahari ya Hindi, mkabala na delta ya Rufiji. Sehemu nyingine ya nchi ilikuja kupewa hadi mwisho wa 1975. Kwa hiyo wakulima wa minazi na wavuvi wa kisiwa hiki, wake kwa waume, waliingia darasani wakiwa mstari wa mbele katika mojawapo ya kazi kubwa za elimu zilizowahi kujaribiwa Afrika Mashariki. Jambo hilo peke yake linatosha kuiondoa dhana kwamba Mafia ni mahali ambapo kusoma kunapaswa kuanzishwa upya. Anayetaka kujenga maktaba ya mtaa au ya kijiji kisiwani humo anapaswa kuuliza kwanza: watu hawa wamekuwa wakisoma wapi, saa ngapi, kwa herufi zipi na kwa sauti ya nani, na ni nani aliyeachwa nje kila mpango mpya ulipoingia? Hoja yangu ni kwamba waliokosa kusoma Mafia hawakukosa kwa uvivu wala kwa kutopenda elimu. Kila mara palikuwa na mtu aliyeamua namna kusoma kutakavyofanyika, na uamuzi huo ndio uliochagua nani aingie na nani abaki uani. Maktaba inayotaka kupokea watu wote lazima ianze kwa kuyapitia maamuzi hayo.

Maandishi si mageni Mafia. Tarikh ya Kilwa inaitaja miongoni mwa milki za watawala wa mwanzo wa Kilwa, na nakala ya Kiarabu ya tarikh hiyo, iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, imehifadhiwa London. Ras Kisimani, upande wa magharibi, bahari imekula sehemu kubwa ya mji wa kale. Kua, katika kisiwa cha Juani, bado pana kuta za misikiti, makaburi na jumba la watawala, ingawa mji wenyewe ulivunjwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Baada ya hapo kisiwa jirani cha Chole ndicho kilichokua kikawa mji. Popote penye msikiti palikuwa na chuo, na chuo cha Mwambao kilikuwa na mpangilio wake ambao mchora ramani wa majengo angefaidika kuutazama kwa makini. Mwalimu aliketi juu ya mkeka au barazani kwake, watoto wakamzunguka, kila mmoja na ubao wake au juzuu yake juu ya marufaa, na wote walisoma kwa sauti wakati mmoja, kila mtu pale alipofikia. Mwalimu mzoefu aliposikia kosa katikati ya sauti ishirini alimjua aliyekosea bila kuinua kichwa. Hapakuwa na ngazi, meza wala kiti cha kugombea. Asiyeona alikaa papo hapo na wenzake akahifadhi kwa sikio. Mwambao wote unawajua mahafidhi na walimu wasioona. Na maulidi yaliposomwa, kisomo kilitoka nje kikawa cha kijiji kizima: wachache walishika kitabu, wengi wakaitikia.

Sisemi haya ili kuupamba wakati ule. Katika karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar, wenye mashamba waliishi Chole, na kisiwa kikubwa ng'ambo ya pili kikaitwa Chole Shamba, mahali pa minazi na pa watumwa walioihudumia. Mtoto wa mwenye shamba na mtoto wa mtumwa hawakuwa na nafasi sawa mbele ya mwalimu, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi 1922. Wasichana nao walisoma, lakini wengi walitolewa chuoni mapema, wakawekwa ndani walipovunja ungo. Chuo kilikuwa na mlango mpana kwa baadhi ya watu na kizingiti kirefu kwa wengine. Ninachokishika ni umbo lake: kusoma kwa kusikika, kwa kukaa pamoja chini, karibu na nyumbani. Umbo hilo lilimpokea mtu mwenye ulemavu bila mpango maalumu na bila kibali cha mtu, na ndilo lililotupwa kwanza wakati kusoma kulipokabidhiwa kwa serikali.

Uamuzi wa kwanza ulihusu herufi. Mwaka 1890 Mafia iliingia mikononi mwa Wajerumani pamoja na ukanda wa pwani walioununua kwa Sultani. Mwanzoni utawala huo uliandikiana na maakida na majumbe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo zilizojulikana. Shule za serikali zilipozalisha makarani wa kutosha, herufi za Kilatini zikachukua nafasi. Makao ya utawala nayo yalihama Chole yakaenda Kilindoni, kwenye kisiwa kikubwa, na karatasi zote zilizokuwa na nguvu, za kodi, za hukumu na za ardhi, zikahamia huko. Waingereza, walioiteka Mafia mwanzoni mwa 1915, hawakugeuza mwelekeo huo, na kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilifanya kazi yake kwa herufi za Kilatini. Hakuna aliyetangaza kwamba msomaji wa jana si msomaji tena, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mzee aliyeweza kuandika barua, hati ya kuuziana minazi au dua kwa herufi alizofundishwa utotoni alifika dirishani pa karani akaombwa aweke kidole gumba. Kuna watakaosema kwamba wengi wa waliopita chuoni waliweza kukariri Korani bila kuelewa Kiarabu, na hawakuweza kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi zozote. Ni kweli, na kwa hao kisomo kipya kilikuwa faida tupu. Lakini hesabu iliyowaweka kapu moja aliyekariri na aliyeandika, na wote wawili pamoja na asiyewahi kushika ubao, ilipoteza habari ambayo maktaba ingeihitaji sana: ni akina nani tayari wanayo nusu ya stadi, na wasogezewe nini ili waipate nusu ya pili.

Ndipo ikaja 1971. Madarasa ya ngumbaru yalikaa chini ya miembe, shuleni baada ya watoto kwenda nyumbani, na kwenye vibaraza. Walimu wengi nchini walikuwa wa kujitolea, vijana waliomaliza darasa la saba, waliolipwa bahashishi ya shilingi 30 kwa mwezi. Kitaifa wanawake walijiandikisha wengi kuliko wanaume, na hilo ni jibu tosha kwa kila anayedai kwamba mwanamke wa kijijini hakutaka elimu: alipoletewa darasa karibu na jikoni kwake, kwa saa aliyoweza, alikwenda. Matokeo ya nchi nzima yanajulikana. Mtihani wa Agosti 1975 ulionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki asilimia 39, kutoka takriban theluthi mbili wakati wa kuanza. Mwaka 1977 wakawa asilimia 27, na kufikia 1986 takwimu rasmi zilisema chini ya asilimia 10. Wapo wanaozitilia shaka takwimu hizo, hasa hiyo ya mwisho, na mashaka yao yana msingi: aliyefaulu mtihani wa hatua ya tatu au ya nne akakaa miaka kumi bila kuona karatasi yoyote isipokuwa ya kufungia sukari aliweza kurudi alikotoka. Hapo ndipo historia ya kisomo inapogeuka kuwa historia ya maktaba.

Serikali iliiona hatari hiyo mapema. Sheria ya mwaka 1963 ilianzisha Huduma za Maktaba Tanganyika. Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1967. Na sheria ya 1975 ikaunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Zilianzishwa maktaba za vijijini, ambazo mara nyingi zilikuwa kabati la vitabu ndani ya darasa au ofisi ya kijiji, chini ya mtunzaji wa kujitolea, na katika baadhi ya mikoa ya bara magari ya maktaba yalizunguka. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini tazama mpango huo ukiwa umesimama katika kisiwa cha Jibondo. Gari halifiki. Kisiwa chenyewe hakina maji baridi ya kutosha, na madumu huvushwa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa. Kitabu kingeingia kwenye foleni hiyo hiyo ya mizigo. Hata ndani ya kisiwa kikubwa, kutoka Kilindoni hadi Bweni ni karibu kilomita 50, na barabara yake kwa muda mrefu ilikuwa ya mchanga na matope. Vitabu vya kujifunzia navyo vilikuwa na kwao. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliofanyika Mwanza na mikoa jirani kuanzia 1968 ulitunga vitabu kuhusu pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi wa ziwani, kwa sababu ndiyo maisha ya huko. Msomaji wa Mafia, anayeishi kwa nazi na kwa bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, alistahili vitabu vyake. Halafu uchumi ukaanguka. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na masharti ya wakopeshaji miaka ya 1980 vilikausha magari na makabati kwa pamoja, na mahali pa mwisho kwenye njia ndipo panapokauka kwanza.

Katikati ya miaka hiyo kuna kisa kimoja cha mafanikio ambacho wajenzi wa maktaba hawakitumii inavyostahili. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya afya ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, na kila kikundi kilikuwa na kijitabu. Redio ilipozimwa, anayejua kusoma alisoma kwa sauti, wengine wakauliza, wakabishana kuhusu choo na maji machafu, wakapanga la kufanya, na vyoo vikachimbwa. Asiyejua kusoma, asiyeona, mama mwenye mtoto mgongoni na mzee aliyesahau miwani wote walikuwa wasomaji kwa saa ile. Ukiitazama vizuri utaona ni umbo la chuo na la maulidi limerudi kwa kitabu cha bwana afya. Tanzania ilikwisha kuonyesha, kwa kiwango cha taifa, namna ya kusoma inayowaingiza watu wote, kisha ikajenga vyumba vya kusomea vilivyoandikwa ukutani KIMYA TAFADHALI.

Mafia yenyewe ina ushahidi wa namna nyingine, nao naupa uzito mkubwa. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyefika kisiwani kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na kurudi mara nyingi, alimwomba mkulima mmoja wa kijiji cha kaskazini amwandikie shajara kwa Kiswahili. Mtu yule aliandika: kilimo, ngoma, mikosi, madeni, magonjwa, majirani. Shajara hiyo ni sehemu ya kitabu alichokichapisha Caplan mwaka 1997, ambamo pia yamo maisha ya mke na binti wa mwandishi yule. Ila mke aliingia kitabuni kwa mdomo, kwa mazungumzo. Nyumba moja, na katika nyumba hiyo mmoja ana kalamu na mwingine ana simulizi. Mume asingepungukiwa chochote kama mkewe naye angekuwa na mahali pa kuyaweka aliyoyajua. Tungefaidika sisi sote. Na kwa kuwa kitabu kile kimechapishwa kwa Kiingereza, mjukuu wa kijiji kile anayesoma Kiswahili peke yake hawezi kuwasoma wazee wake. Maktaba ya Mafia isiyo na rafu ya Mafia yenyewe, pamoja na vinasa sauti na mtu wa kuandika kwa niaba ya msimulizi, itaendeleza pengo lile lile kwa samani mpya.

Kutokana na historia hii, mambo ya ujenzi yanajieleza yenyewe kuliko tunavyofikiri. Kwanza ni saa. Saa za ofisi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, ziliwekwa na watu wasioishi kwa maji. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, na hapo wanawake wako mwambani wakitafuta pweza au kwenye mashamba ya mwani, huku wavuvi wakiwa wamekwenda na maji au wakingoja kurudi nayo. Siku za maji mafu mambo hubadilika. Ratiba ya maktaba ya Jibondo au Chole ingepaswa kubandikwa kwa kufuata mwezi, alasiri moja na jioni nyingine, kama wavuvi wanavyopanga safari zao. Pili ni mahali pa kukaa. Baraza ndefu yenye kivuli, upande wa nje, ndipo watu wasomewe gazeti na kitabu. Chumba cha ndani, chenye ukuta mnene wa matumbawe au matofali, kiwe cha anayetaka utulivu. Anayesema kwamba sauti itamkera mwanafunzi wa kidato cha nne ana haki, na ndiyo maana vinahitajika vyote viwili. Kosa limekuwa kujenga chumba cha ndani peke yake na kukiita maktaba. Tatu ni mlango. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, kwa hiyo njia ya mteremko badala ya ngazi si hisani ya mfadhili. Lakini mteremko unaoanzia kwenye mchanga mlaini haumsaidii mwenye baiskeli ya matairi matatu: njia ngumu lazima ianzie barabarani au kwenye gati. Ubaya wa ngazi Nairobi waliujua kwa uchungu. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ilipandiwa kwa ngazi za mawe mbele ya nguzo kubwa, na hadi karibu na uhuru Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ubaguzi wa rangi uliondolewa; ngazi ni mawe, hazikuondoka na sheria.

Sikio nalo sasa lina sheria ya kulitetea. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unaruhusu kitabu kilichochapishwa kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki kila mara. Kijana wa kijiji cha Kirongwe mwenye sauti nzuri na simu anaweza kusoma riwaya nzima kwa ajili ya maktaba. Kwa viziwi, baraza hiyo hiyo inahitaji mtu anayejua lugha ya alama, na mwanga wa kutosha jioni ili mikono ionekane.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba simu imeondoa haja ya maktaba. Simu ni chombo kizuri, na nimetoka kuisifu. Ila bando hununuliwa, chaji hutafutwa, na katika nyumba nyingi simu ni ya mume. La pili ni kwamba mtindo wa chuo na maulidi utaifanya maktaba kuwa ya Waislamu, wakati Kilindoni ina walimu, wauguzi na wafanyabiashara Wakristo waliotoka bara. Pingamizi hili ni zito. Ninachopendekeza ni kuazima namna ya kukaa na ya kusoma, si kuijenga maktaba uani kwa msikiti. Mahali pake ni karibu na soko, shule au zahanati, ambako kila mtu tayari ana sababu ya kupita na hakuna mwanamke atakayeulizwa anakwenda wapi. La tatu, na ndilo gumu kuliko yote, ni fedha. Wilaya iliyokuwa na watu zaidi ya 46,000 kwa sensa ya 2012, yenye mahitaji ya dawa, maji na madarasa, itajengaje majumba ya vitabu? Nakubali kwamba jengo kubwa Kilindoni lingekula fedha zote na kuwaacha nje watu wale wale wa siku zote. Ndiyo sababu naona heri baraza tano ndogo kuliko ukumbi mmoja, na heri vitabu mia mbili vinavyobadilishwa kuliko elfu mbili vinavyoliwa na mchwa na chumvi.

Kubadilisha vitabu ndiko kulikozishinda zama zilizotangulia, na hilo liandikwe kwenye bajeti kabla ya tofali la kwanza. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1948, ilituma masanduku ya vitabu na kuazimisha kwa posta, na njia hiyo bado inafaa mahali ambapo gari halipiti. Sanduku la bati lisiloingiza maji, lenye orodha ndani ya kifuniko, linaweza kuvuka kutoka Utende, kwenye kisiwa kikubwa, hadi Chole na Jibondo kwa mashua zinazokwenda kila siku, ikiwa nahodha analipwa nauli ya mzigo kama anavyolipwa kwa saruji, na ikiwa upande wa pili yupo mtunzaji mwenye posho ya kudumu, si ya kujitolea hadi achoke. Halmashauri inaweza kuzijua gharama hizo kwa kuwauliza manahodha wenyewe, pale gatini, na kuziweka katika fungu la kila mwaka pamoja na vifaa vya kinasa sauti na karatasi za nukta nundu.